Imondo ya Baba Muhonja

Jumamosi, mwezi wa nane. Mvua.

Imeanza saa nane mchana kama kawaida yake hapa Kakamega, na nguo zilikuwa zimeshatoka kambani, kwa sababu baada ya miaka ishirini na sita ya kukaa Amalemba hata mtu mvivu hujifunza kusoma wingu. Sasa ni saa kumi na moja. Nimekaa kwenye meza ya kulia chakula nikiwa nimevaa sweta ya mikono mirefu, ingawa humu ndani hakuna baridi ya kuhitaji sweta. Sweta hii ni sehemu ya habari yenyewe, nitaifikia.

Wanaonisoma hapa wananijua kwa mambo ya sukuma wiki, vituko vya watoto wangu wa Gredi ya Nne, na mafundisho ya akina mama kanisani. Mara ya mwisho niliandika jinsi ya kuzuia viwavi kwenye mahindi kwa kutumia majivu, na watu kumi na wawili wakanishukuru. Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Tangu hapo nimefungua ukurasa mara nyingi nikaufunga.

Leo nina aibu.

Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa njia nyingine. Niliandika kwamba nina uzito moyoni, nikafuta. Nikaandika kwamba napitia majaribu, nikafuta haraka zaidi, maana majaribu ni kitu kinachomjia mtu, na hiki nilikifanya mimi mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu na birika la chai mkononi.

Nianze na mikono. Mwezi wa tatu nilianza kuona alama. Nikigonga kona ya dawati darasani, jambo ambalo mwalimu hulifanya mara kumi kwa siku, kesho yake damu imevilia chini ya ngozi, doa jeusi lenye ukingo wa kijani. Nikibeba kikapu kutoka soko la Khayega, mpini wake unaniachia mstari ambao unakaa wiki nzima. Nikipiga mswaki, natema mate mekundu. Nilijiambia ni umri. Mimi ni mtu wa kuupuuza ugonjwa nikitumaini utachoka na kuondoka wenyewe.

Aliyekataa kupuuza ni Baba Muhonja. Mume wangu ni fundi wa sofa, kibanda chake kiko hapa nyuma ya nyumba, na macho yake yamezoea kuona mahali kitambaa kinapoanza kuachia kabla mwenye kiti hajajua. Jioni moja alinishika mkono, akaugeuza chini juu kwenye mwanga wa dirisha, akasema kesho hufundishi, kesho tunaenda kupimwa.

Kliniki ya karibu walisema malaria. Kwetu kila kitu huanza na malaria. Walinipima hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, wakakuta chembe sahani ziko chini. Hizo ndizo zinazoziba mahali damu inapotaka kutokea, na zikipungua mtu huvuja, kwa nje au kwa ndani. Wakasema malaria huzishusha, wakanipa dawa, nikameza. Wiki mbili baadaye tulirudia kipimo. Karatasi ilisema tisini na moja, na pembeni pameandikwa kwamba mtu mzima anatakiwa kuanzia mia moja na hamsini. Chembe nyeupe nazo zilikuwa zimeshuka kidogo. Malaria yenyewe, kama iliwahi kuwepo, ilikuwa imekwisha kitambo.

Wakatutuma hospitali kubwa. Nilipakwa mafuta baridi tumboni, nikapigwa picha, kisha tukaingia kwa daktari, kijana mwenye sauti ya upole ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Swali lake la kwanza lilikuwa kama natumia pombe.

Mimi sijawahi kuonja pombe. Hata busaa ya harusi ya dada yangu niliipitisha tu kwa wengine. Ni mwaka wa kumi na moja huu nikiwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, na nimesimama mbele ya watu kukemea chang'aa mara nyingi kuliko nilivyosimama kuimba. Nilimjibu kwa sauti ya darasani. Hakukasirika. Alisema si lazima iwe pombe.

Alinieleza taratibu, akichora kwa kalamu nyuma ya karatasi ya vipimo. Ini langu limejaa mafuta. Yameingia kidogo kidogo kwa miaka, kwa sababu ya uzito wangu na sukari ya damu ambayo imekuwa ikipanda bila mimi kujua, na sasa ini limeanza kuwa gumu. Damu iliyozoea kupita ndani yake inapata shida kupita, inarudi nyuma, na wengu, kile kiungo kidogo cha upande wa kushoto chini ya mbavu, umevimba. Wengu ukivimba huzishikilia chembe sahani zisirudi kwenye mzunguko. Ndiyo maana hesabu ya damu ilikuwa imepungua. Ini lenyewe halijawahi kuniuma hata siku moja, na kumbe damu ndiyo iliyokuwa ikilisemea.

Nilitaka kucheka. Kwa miaka yote hiyo huu mwili wangu umekuwa ukisifiwa. Nikipita sokoni naambiwa Mama Muhonja umeshiba, ndoa imekukubali, mume wako anajua kutunza. Mwili wangu ulikuwa ushuhuda wa Baba Muhonja, na mimi niliubeba kwa maringo.

Daktari hakunitisha. Alisema haijafika pabaya, na kwamba nikipunguza uzito, nikitembea kila siku, nikiacha sukari kwenye chai, nisimeze dawa za maumivu za dukani wala miti shamba, na nikirudi kila baada ya miezi mitatu tuhesabu tena, mambo yanaweza kutulia. Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa sisikii vizuri. Kichwani mwangu lilikuwa linazunguka neno moja tu, ini.

Nje, kwenye benchi, nilimwambia Baba Muhonja asimwambie mtu yeyote.

"Hata Muhonja?" akauliza. Muhonja ni binti yetu wa pekee, anafanya kazi Eldoret kwenye duka la mbegu.

"Hata yeye."

Akakunja karatasi ya vipimo mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. "Sawa. Ni mwili wako. Utasema ukiwa tayari."

Hiyo ndiyo ahadi. Nataka ieleweke kwamba mimi ndiye niliyeiomba.

Na hapa sina budi kumtaja Rispa. Alikuwa mwanachama wetu, mwanamke mpole wa kuketi kiti cha mwisho. Alifariki mwaka juzi, tumbo limejaa maji, na ikasemwa ni ini. Sisi akina mama tukimzika mwenzetu huvaa gauni la bluu na kitambaa cheupe kichwani, tunalisindikiza jeneza tukiimba, na hiyo ndiyo heshima ya mwisho ambayo kila mmoja wetu anaitegemea. Kabla ya mazishi ya Rispa niliitisha kikao. Nikasema kila mtu anajua ini linaharibiwa na nini, na kwamba hatuwezi kuifunika pombe kwa kitambaa cheupe. Wakakubali, kama wanavyonikubalia mara nyingi. Tulienda na nguo za kawaida, tukaketi hema la nyuma.

Mama yake alikuwa akipika busaa zamani, ili alipe karo. Huo ndio ushahidi wote niliokuwa nao. Hakuna aliyewahi kumwona Rispa akinywa. Nakumbuka yule mama mzee alivyotutazama vichwani, mmoja mmoja, kana kwamba anatafuta kitu alichokipoteza.

Juzi nilikumbuka jambo lingine. Rispa naye alikuwa na alama kwenye mikono.

Basi ni kwa kuogopa hukumu kama ile ya Rispa nilinunua sweta mbili za mikono mirefu.

Alhamisi moja mwezi wa sita tulikuwa na kikao cha akina mama nyumbani kwa Dada Peris, katibu wetu. Mimi ndiye nilikuwa nagawa chai, na mvuke wa birika ulinifanya nivute mkono wa sweta juu bila kufikiri. Kwenye mkono wangu wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, kulikuwa na alama nne zimepangana, na ya tano upande wa pili. Vidole vinne na gumba. Hata mtoto angezitambua.

Vilikuwa vidole vya Baba Muhonja, kweli. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeteleza kwenye kizingiti cha jikoni, sakafu ina maji ya mvua, na yeye alikuwa nyuma yangu akanidaka. Alinishika kwa nguvu, kama mtu anavyomshika mtu mzito anayeanguka. Daktari alikuwa amemwambia kwamba nikianguka vibaya naweza kuvuja damu ndani. Alinisimamisha, akaniuliza kama nimeumia, akaenda kutafuta gunia la kutandika pale mlangoni.

Dada Peris aliweka kikombe chini akanishika mkono.

"Mama Muhonja. Ni yeye anakufanyianga hivi?"

Nilikuwa na nafasi. Sitaki kujidanganya hapa kwamba nilishtuka au kwamba ulimi uliniganda. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiria maneno mawili matatu, na niliyafikiria. Nikisema ni damu, wangeuliza damu ina nini. Nikisema damu, ningefika kwenye ini. Nikifika kwenye ini, ningekutana na macho ya wanawake kumi na wanne niliowavua vitambaa siku ya Rispa.

Nikashusha mkono wa sweta. Nikatazama chini.

Hilo tu. Sikusema ndiyo. Kwa wiki nyingi nimejifariji kwa hilo, kwamba sikusema ndiyo.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo nisipoliandika leo sitaliandika kamwe. Ilikuwa tamu. Walinikumbatia. Walininyang'anya birika wakanikalisha. Mmoja alinifuta machozi ambayo sikujua yametoka. Kesho yake niliona ndizi mlangoni, kesho kutwa mboga iliyochambuliwa tayari. Maisha yangu yote mimi ndiye huwahurumia watu, na siku hizo chache nilionja kuhurumiwa. Nilikuwa naumwa, nilikuwa naogopa kufa, na nilihitaji sana mtu aniambie pole. Wakaniambia pole kwa kitu ambacho hakikunipata, na mimi nikaipokea kana kwamba ni ya ugonjwa.

Dada Peris alikuja peke yake siku moja. Akaniambia, "Usimfiche. Wanaume wa hivyo wakifichwa wanazidinga." Peris mwenyewe aliwahi kupigwa, miaka ya nyuma, na alikaa na siri yake mpaka akavunjwa mkono. Alikuwa ananipa kitu chake cha ndani kabisa. Nikamshukuru.

Wiki tatu baadaye wakaja nyumbani.

Walikuja Jumamosi, akina mama sita pamoja na Mzee Shimoli, mzee wa kanisa, wakiwa na kuku wawili mkononi. Hiyo ndiyo desturi yetu ya kumwonya mtu: hamuendi mikono mitupu, mnaenda na chakula, mnapika kwenye jiko lake mwenyewe, mnakula naye, kisha ndipo mnasema. Baba Muhonja alipowaona langoni alifurahi. Alidhani wamekuja kuniona mimi mgonjwa. Alidhani nimewaambia. Niliuona uso wake ukilegea, na nikaenda jikoni.

Dada Peris ndiye aliyepakua. Kwetu sisi, ingokho, yaani kuku, akipikwa, imondo, yaani firigisi, ni ya mwenye nyumba. Mtoto akiidokoa anachapwa. Mke akiisahau anaulizwa ilienda wapi, na si kwa utani. Mgeni mkubwa akija, mwenye nyumba mwenyewe ndiye anaweza kumkatia kipande. Hata wasio na meno huwekewa waishike.

Sahani zikapita. Imondo zote mbili zilikuwa kwenye sahani ya Mzee Shimoli. Mbele ya Baba Muhonja, kwenye kiti alichokitengeneza kwa mikono yake, ndani ya nyumba yake, palikuwa na shingo na ubawa.

Sote mle ndani ni watu wa hapa, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Aliitazama sahani. Kisha akanitazama mimi, mara moja, si kwa muda mrefu. Akanawa mikono, akamega obusuma, ugali wetu, akala ile shingo.

Mzee Shimoli alipomaliza kula alisema kwa upole, maana si mtu mbaya, "Ndugu, hatukuja kugombana na wewe. Lakini mkono wa mwanaume ni wa kujenga boma." Akasema wameona ni vizuri apumzike kuongoza kwaya kwa muda, mpaka nyumba yake ikae sawa.

Ameongoza kwaya hiyo miaka kumi na tisa. Ndiye aliyewafundisha nusu yao sauti zao.

Sentensi moja ingetosha. Mke wangu ana ugonjwa wa ini, chembe zake za damu ziko chini, karatasi hii hapa. Na karatasi ilikuwepo, mita mbili kutoka alipokaa, kwenye droo ya kabati. Yeye alijua. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawa, na nakumbuka lilikuwa zito.

"Nimesikia, Mzee," akasema.

Walipoondoka nilimwambia pole. Akasema mvua inakaribia, ngoja aende akafunike mbao. Hilo ndilo tulilozungumza kuhusu siku hiyo.

Tangu wakati huo anaenda kanisani kama kawaida na kukaa nyuma, karibu na mlango. Anayeongoza kwaya sasa anakimbiza nyimbo kama mtu anayewahi kufunga duka. Baba Muhonja haimbi. Ameshika kitabu wazi na anafuata maneno kwa kidole. Mama mmoja alikuja kuchukua viti vyake kabla havijaisha, akasema atamalizia kwingine. Baba Muhonja alimsaidia kuvipakia. Mimi nilikuwa dirishani na sweta yangu.

Na kila Jumapili jioni alimpigia Muhonja simu, kama alivyozoea. Simu iliita mpaka ikakatika. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara aliiweka mezani akasema, msichana ana kazi nyingi, msimu wa kupanda unakaribia. Mimi nilijua mahindi yetu hayapandwi mwezi wa saba. Yeye pia alijua.

Leo asubuhi Muhonja alinipigia mimi. Alikuwa amesikia yote kutoka kwa binti ya Dada Peris.

"Mum, nimeshakutandikia kitanda. Kuja tu. Usibebe hata nguo."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejikaza siku nyingi. Nikamwambia akae chini. Nikamweleza ini, wengu, hesabu ya damu, kizingiti cha jikoni. Nilimweleza kama ninavyofundisha, hatua kwa hatua, kwa sababu ningejaribu namna nyingine ningeshindwa.

"Kwa hivyo Baba hajawahi kukugusa."

"Alinishika nisianguke."

"Na ukawaacha tu waseme?"

Nilimsikia akilia, na hakuwa akililia ini langu. Alisema siku ya kuzaliwa ya baba yake ilipita naye hakumpigia, kwa makusudi, akakaa na simu mkononi akijisikia shujaa. Akasema atampigia yeye mwenyewe baadaye, na kwamba mimi nisimwambie chochote kwa niaba yake. Kisha akakata.

Nimefundisha watoto miaka ishirini na tisa. Sijawahi kuambiwa ukweli wangu kwa ufupi hivyo.

Ndipo nikafanya kile ambacho mtu kama mimi hufanya akiwa na hatia, nikaingia jikoni. Niliagiza kuku kutoka Khayega, jogoo, jirani akanichinjia. Nilimchemsha bila kukaanga, nikaondoa ngozi na mafuta yote kama nilivyoagizwa hospitali, nikasonga obusuma. Imondo niliisafisha mwenyewe, nikaimenya ile ngozi ya njano ya ndani, nikaikata kama mama yangu alivyonifundisha, nikaiweka kwenye kisahani chake peke yake. Nilikuwa na hotuba. Hotuba ninazo siku zote.

Tulikaa wawili, mvua ikaanza kupiga mabati. Nikamwambia nimemwambia Muhonja. Nikamwambia nimemkosea, kwamba nilijua ninachofanya, kwamba niliogopa kuitwa mlevi zaidi ya nilivyoogopa yeye kuitwa katili. Nikamwomba msamaha. Nikamsogezea kile kisahani.

Alikitazama kwa muda. Baba Muhonja si mtu wa hasira. Alizungumza kwa ile sauti anayotumia akimwonyesha mteja kwamba chini ya kitambaa kizuri mbao imeoza.

"Mama Muhonja, mimi nimekusamehe. Lakini hii nilinyang'anywa mbele ya watu saba. Usinirudishie tukiwa wawili."

Akakirudisha kisahani upande wangu. Akala paja, akala obusuma, akashukuru. Alipokuwa anasimama alishika ukingo wa meza, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

"Nimechoka, mama," akasema.

Miezi hii yote nilidhani kimya chake ni chepesi. Nilidhani kwa sababu hakulalamika basi hakikumuumiza, kama ini langu ambalo halikuuma. Nilikaa pale mezani baada ya yeye kutoka, chakula kikapoa, na nililia kwa namna ambayo sitaki kuieleza.

Kesho ni Jumapili. Baada ya ibada, zamu ya kikao cha akina mama ni hapa kwangu, na Mzee Shimoli amesema atapitia kuona kama nyumba imetulia. Kwa hiyo watakuwepo walewale, kwenye viti vilevile.

Nitavaa gauni la mikono mifupi. Nitasema ini, nitasema mafuta, nitasema wengu na tisini na moja, na kwamba mtu anaweza kufika hapo kwa chai tamu na maandazi na kukaa bila kutembea. Nitaonyesha karatasi. Nitasema vidole vile vilikuwa vya nani na vilikuwa vinafanya nini. Nitamwangalia Dada Peris usoni, maana yeye alinipa kidonda chake na mimi nikakitumia. Sijui kama atanisamehe, na sitamlaumu asipoweza. Nitasema pia kuhusu Rispa. Wakinivua uenyekiti ni haki yao. Wakisema siku yangu ikifika watakuja bila vitambaa, nitakuwa nimewafundisha mwenyewe.

Jumatatu nitatembea mpaka kwa mama yake Rispa. Daktari alisema nitembee. Sijui nitaanza vipi kusema.

Najijua lakini. Kesho nikimwona Mzee Shimoli anaingia na Biblia yake, na akina mama wananiuliza kwa upole umeamkaje, naweza kabisa kuanza kuzungumza kuhusu mvua na bei ya mbolea. Nimeshafanya hivyo. Je, nitashika tena jagi la maji nikatazama sakafu?

Ndiyo maana ninaiandika hapa, kwa jina langu, ambapo Dada Peris husoma kabla ya mtu mwingine yeyote. Hunitumia ujumbe ndani ya dakika kumi kusema amebarikiwa. Nikishaichapisha hii, sitakuwa na mahali pa kurudi.

Sweta nimeivua. Iko kwenye mgongo wa kiti. Alama za vidole zilishafutika zamani, sasa kuna nyingine, ya mpini wa kikapu, na moja ambayo sijui imetoka wapi. Baba Muhonja yuko kibandani, nasikia nyundo yake kupitia mvua. Dakika chache zilizopita nyundo ilinyamaza, simu yake ilikuwa imeita, na nikasikia akisema jina la Muhonja mara mbili kama mtu asiyeamini. Sikwenda kusikiliza. Hiyo si yangu.

Imondo iko kwenye friji, imefunikwa kwa kisahani cha bluu. Kesho nitaipasha moto, na nitampa mbele ya watu.